Saratani ya Titi Si Maradhi ya Wanawake Pekee

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wananchi hukumbushwa juu ya saratani ya matiti, na mawaidha hayo huelekezwa kwa mama zetu na dada zetu. Hilo ni jema, na halina budi kuendelea. Lakini pana kundi dogo linalosahauliwa, nalo ni wanaume.

Mwanamume naye ana nyama za titi nyuma ya chuchu, ijapokuwa ni chache, na saratani huweza kuota humo. Ni maradhi adimu: katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mwanamume ni kiasi cha mmoja tu. Aghalabu huwapata waliofikia umri wa miaka 60 na zaidi, na walio na ndugu wa damu waliougua wamo hatarini zaidi.

Hata hivyo, kinachouzidisha msiba ni aibu. Mtu huhisi uvimbe mgumu usiouma, chuchu ikaingia ndani au ikatoa damu, naye akanyamaza miezi na miezi, akichelea kuambiwa ana maradhi ya kike. Afikapo kwa daktari, uvimbe umekwisha kutambaa hadi kwapani. Mficha uchi hazai. Na mficha uvimbe hapati tiba.

Edward Brooke, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi kuingia katika Seneti ya Marekani, aligunduliwa na saratani hii mwaka 2002. Alipasuliwa, kisha akajitokeza hadharani kuwaonya wanaume wenziwe. Alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 95. Heshima yake haikupungua hata chembe.

Kwa hiyo, viongozi wa afya wa Unguja na Pemba hawana budi kuhakikisha kwamba mabango na mafunzo yanawataja wanaume pia, na kwamba hakuna tabibu wa kituo anayemrudisha nyumbani mwanamume mwenye uvimbe kwa kumpa vidonge vya maumivu tu. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kipimo ndicho kiamue, si dhana.

Nanyi akina baba, jichunguzeni, na mkiona mabadiliko nendeni hospitali upesi. Wake na watoto wanaotutegemea wanatuhitaji tukiwa hai, wala hawatafaidika kwa ukimya wetu.