Ujumbe wa setilaiti huanguka juu ya kila paa

Mwezi wa Oktoba 2025, watafiti wa vyuo vikuu vya San Diego na Maryland, huko Marekani, walitangaza jambo linalotugusa sisi wa mashariki. Waliweka antena ya kawaida juu ya paa la chuo, vyombo vyote vikigharimu dola 800 hivi, wakasikiliza setilaiti 39. Hawakuvunja mlango wa mtu. Walikuta simu na SMS za wateja wa T-Mobile, habari za jeshi la Meksiko, hata mawasiliano ya mitambo ya umeme, yote yakipita wazi.

Inakuwaje? Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu yetu, na mawimbi yake hufunika eneo kubwa sana. Ujumbe uliotumwa kwa mnara mmoja wa kijijini huanguka pia kwenye mji wa mbali, hata ng'ambo ya mpaka. Kinachouficha ni ufunguo: maneno huchanganywa kabla hayajapanda, na mwenye ufunguo peke yake huyapanga tena. Lakini kazi hiyo hula nafasi ya mawasiliano, ambayo hulipiwa ghali, na hula betri ya vifaa vidogo. Kwa hiyo wengine huiacha. (Na tuseme kweli, wengine waliamini tu kwamba hakuna atakayesikiliza.)

Kwetu, penye barabara mbovu na minara michache, setilaiti ni msaada mkubwa. Friji ya chanjo inayotuma kipimo cha joto lake haina siri nyingi. Lakini orodha ya familia zilizokimbia vita, majina yao, kijiji walikotoka na nyumba wanamolala, ikisomwa na mwenye silaha, watu wanaweza kufa. Nasi tumekuwa tukituma orodha kama hizo kwa SMS.

T-Mobile ilipoambiwa, ilifunga mawasiliano yake. Hatuwezi kungojea kila kampuni ifanye hivyo. WhatsApp na Signal hufunga ujumbe ndani ya simu ya anayetuma, na hufunguliwa katika simu ya anayepokea. SMS haifanyi hivyo. Na mfadhili akituletea kifaa cha setilaiti, tumuulize kabla ya kushukuru: habari zinafungwa ndani ya kifaa chenyewe, au zinatoka wazi?

Ila ufunguo hausaidii simu ikinyang'anywa kwenye kizuizi barabarani. Orodha ikishafika, ifutwe pande zote mbili.