Mabinti nao wapewe roketi

Dada zetu wa visiwani, huku Kiwira mvua haijatuacha, na sisi mafundi cherehani tuna neno kuhusu midoli ya watoto.

Mwaka 1949 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Captain Video, na mwaka 1950 ikaja Tom Corbett, kijana wa kusafiri angani. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amefika huko. Hata hivyo kampuni ya Louis Marx ilitengeneza seti za midoli ya Tom Corbett, na leo watu wazima huzitafuta kwa bei kubwa. Hadithi ya kubuni tu ilitosha kumfanya mtoto atazame juu.

Sisi tunayo ya kweli. Tunguu, hapo Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani. Februari 1962, John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, alizungumza na kituo hicho cha Zanzibar. Kiliondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Na jirani zetu wa Mbozi wana kimondo cha chuma kilichodondoka kutoka angani. Haya yote ni yetu, lakini madukani hatujaona mdoli unaoyasimulia.

Linalotuuma zaidi ni hili: mvulana hununuliwa roketi ya plastiki, msichana hupewa mtoto wa bandia na visufuria. Visufuria hatuvikatai, sisi wenyewe tunapika kila siku. Lakini mchezo humfundisha mtoto mahali anapotarajiwa kufika. Wapo watakaosema anga si mambo ya binti mwenye staha. Tunawauliza: Mwenyezi Mungu aliziumba nyota zitazamwe na wanaume peke yao?

Gharama isiwe kisingizio. Kusanyeni mabaki ya kanga na vitenge, kateni roketi, jazeni sufi au vipande vidogo vya nguo. Shoneni na mwanaanga wa kike, hata mwenye mtandio. Macho yatarizini kwa uzi, msiweke vifungo, maana mtoto mdogo anaweza kuvimeza. Na mnapomkabidhi binti yenu, msimulieni habari za Tunguu.