Tanzia za Magazeti Hazitoshi Palma

Makala iliyodai kwamba anayetafuta asili ya ukoo wa kijijini aanze na tanzia za magazeti ya zamani imeisahau pwani yetu ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Gazeti la Notícias lilianza mwaka 1926 huko Lourenço Marques (Maputo ya leo), zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Palma, tena kwa Kireno. Mvuvi wa Quionga, wilayani Palma, alipofariki, nani angepeleka tangazo huko?

Nakubali, tanzia nzuri hutaja watoto, wakwe na walikohamia. Lakini kumhesabu asiyeandikwa gazetini kuwa hana historia ni dhuluma. Watu wa kaskazini waliandika: barua zao za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, walizowapelekea watawala wa Kireno, zimehifadhiwa Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique. Na wazee wanazijua nasaba, wanayajua makaburi.

Hapo ndipo penye haraka. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, maelfu wametawanyika. Tuwafuate wazee walikokimbilia, tuwaulize majina ya mababu, tuyaandike sasa. Magazeti yatasubiri maktabani, wazee hawatasubiri.