Redio yako ya mtandaoni haina wasikilizaji? Iorodheshe!

KIJANA, umejinyima ukanunua maikrofoni, ukalipia seva na sasa una stesheni yako ya redio mtandaoni. Kila jioni uko hewani kutoka chumbani mwako. Lakini ukiangalia idadi ya wasikilizaji, ni watatu tu: wewe mwenyewe, dadako na beshte wako wa tangu shule.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata kizuri lazima kitembezwe, bana.

Redio ya FM ina bahati. Msikilizaji anazungusha kitufe na kukunasa hata kama hakuwa anakutafuta. Stesheni ya mtandaoni haina masafa, ina linki tu. Wengi wenu mnaibandika kwenye status ya WhatsApp, na baada ya saa 24 imetoweka. Halafu mnalalamika kwamba Wakenya hawapendi vitu vya vijana. Watapendaje wasichokijua kiliko?

Dawa ni saraka za redio, yaani zile orodha kubwa ambako watu huenda kutafuta stesheni. Radio Garden, iliyoanzia Uholanzi mwaka wa 2016, humwezesha mtu kuzungusha dunia kwenye skrini na kubofya kitone juu ya mji autakao. Mkenya aliye Doha akikumbuka nyumbani na kubofya Nakuru, atakupata, mradi umeorodheshwa. Kwenye Radio Browser, yeyote anaweza kuongeza stesheni bila kulipa, na programu kadhaa za simu huchota orodha zao hapo. Kwa hivyo ukijaza mara moja, unatokea kwingi. TuneIn nayo wengi wanaijua.

Kabla ya kujaza fomu, jipange. Tafuta linki ya sauti yenyewe, si ya ukurasa wako wa Facebook. Ianze na https, la sivyo vivinjari vingi vitaizuia. Nembo iwe ya mraba, isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha. Jina liwe moja kila mahali. Usiwe "Radio" huku na "FM" kule.

Na palipoulizwa lugha, andika Kiswahili kama ndicho unachotangazia. Mbona uone haya? Anayetafuta redio ya Kiswahili hawezi kukupata ukijificha chini ya Kiingereza, na kila anayejificha anaifanya lugha yetu ionekane haina vijana.

Mkumbuke pia msikilizaji wa bando. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa. Ya 64 hula nusu yake. Ukiweza, mpe zote mbili achague.

Kuorodheshwa si mwisho wa kazi. Ukihama seva, badilisha linki kila ulikojisajili, maana anayebofya na kukuta kimya harudi. Na muziki una wenyewe: ukishaonekana na dunia, mwenye wimbo naye atakuona, kwa hivyo pata idhini mapema.

Leo, kabla ya kuingia hewani, tenga saa moja ujaze fomu hizo. Ni kazi ya kuchosha, haina shangwe wala likes. Lakini kuna mtu mahali anatafuta sauti kama yako. Mrahisishie kazi.