Meseji zote dirisha moja kwenye Linux, lakini ruhusa ni ya nani?

Anayetumia Linux kwenye kompyuta analijua tatizo hili. Telegram ina programu yake rasmi, Signal nayo ipo. WhatsApp, ambako ndiko aliko bosi, mteja na kikundi cha harusi, haina ya Linux. Kinachobaki ni WhatsApp Web kwenye kivinjari, halafu kuruka tabo hadi tabo.

Hapo ndipo zinapoingia programu za kukusanya meseji zote pamoja. Ziko za aina mbili, na tofauti yake si ndogo.

Aina ya kwanza ni kama Ferdium na Rambox. Kusema kweli hizi ni kivinjari kilichovalishwa koti jingine: WhatsApp Web, Messenger na Slack zinapangwa pembeni, unabofya unayotaka. Ferdium ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Gharama yake ni RAM. Kila huduma ni ukurasa mzima wa wavuti, kwa hiyo ukiweka sita, zote sita zinakula memori kutwa. Laptopu ya mtumba yenye GB 4 itahema.

Aina ya pili ni Beeper. Hii haifungui kurasa, inazivuta meseji za mitandao tofauti na kuziweka kwenye orodha moja. Kwenye Linux inakuja kama faili la AppImage: pakua, lipe ruhusa, fungua. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Automattic, kampuni ya WordPress.com, kwa dola milioni 125 kama ilivyoripotiwa.

Swali ni meseji zinapita wapi. Zamani Beeper ilizipitisha kwenye seva zake, ambako usimbaji ulifunguliwa na kufungwa upya. Mwaka 2025 ikabadilisha, na sasa uunganishaji unaweza kufanyika kwenye kifaa cha mtumiaji mwenyewe. Ni hatua nzuri. Lakini haibadilishi jambo moja: mwenye mtandao hajatoa baraka zake.

Desemba 2023 ilionyesha maana yake. Beeper Mini iliwapa watu wa Android iMessage ya Apple. Siku chache tu, Apple ikaziba njia. Beeper ikatafuta upenyo mwingine, ukazibwa tena, mwishowe ikanyoosha mikono.

Kwa WhatsApp hatari inaangukia namba. Masharti yake yanakataza programu zisizoidhinishwa, na waliowahi kutumia GB WhatsApp wanajua kufungiwa kukoje. Kwa mama anayeuza vitenge kwa namba hiyohiyo miaka mitano, hilo ni duka kufungwa. Mtu wa namna hiyo abaki na WhatsApp Web, au Ferdium inayofungua ukurasa uleule. Beeper aijaribu kwa laini nyingine.

Ulaya wamejaribu kuulazimisha mlango. Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo makampuni makubwa yalitakiwa kuitii kuanzia Machi 2024, inaitaka Meta iruhusu programu nyingine kuwasiliana na WhatsApp. Novemba 2025 Meta ilizitaja mbili za kwanza, BirdyChat na Haiket. Ni kwa watumiaji wa Ulaya tu, tena kwenye simu za Android na iPhone. Kompyuta haimo. Kwa hiyo hata mtu wa Linux aliyeko Berlin bado hajaambulia kitu, sembuse wa Mwanza au Mombasa.

Kwa sasa njia inayokubalika ni ileile: skani msimbo wa QR kwa simu, unganisha hadi vifaa vinne, na usikae siku 14 bila kufungua WhatsApp kwenye simu yenyewe, maana ukizidisha vyote vinatolewa.