Msukule wa Mapokezi

Watu wa Dar wanapenda kututania: Sumbawanga kuna misukule, inalimishwa usiku kucha na asubuhi haidai hata mia. Sawa, chekeni. Ila msukule ninaouona mimi hapa mjini haulimi. Umevaa sweta (baridi ya Ufipa mwezi wa saba si mchezo), umekaa mapokezi ya lodge, unatabasamu.

Unamjua huyo dada. Aliajiriwa apokee wageni. Sasa anafua mashuka, anapika chai, anaposti picha za vyumba Instagram kwa bando lake, na shule zikifungwa anamlea mtoto wa bosi. Akiuliza hela anaambiwa "sisi hapa ni familia". Familia gani hiyo ambayo faida anakula baba peke yake?

Tuambiane ukweli ambao wengi hawaupendi: kupangiwa kazi nyingine ndani ya saa zako hakukuletei malipo ya ziada moja kwa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu saa. Siku 6, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Kuzidisha ni mpaka mkubaliane, na saa ya ziada inalipwa angalau mara moja na nusu. Saa yako ikiwa sh. 2,000, hapo ni 3,000. Sikukuu ni mara mbili.

Kuhusu kazi zenyewe, nenda kifungu cha 15. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana na wewe. Hapo ndipo pa kudai nyongeza, karatasi ikiwa mezani, si miaka miwili baadaye umenuna jikoni. Na ule mstari wa "kazi nyingine utakazopangiwa" usikutishe. Kwangu mimi ni kumshikia mwenzako zamu akiumwa. Kulea mtoto wa bosi haumo!

Hukupewa karatasi yoyote? Bado hujaisha. Mkifika kwenye kesi mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Wewe andika saa zako kwenye simu kila siku. CMA ya Rukwa ipo hapa hapa mjini, na madai kama haya yana siku 60 tu tangu mgogoro uanze, kwa hiyo usisubiri mpaka mahindi yavunwe.