Kodi ya Nyumba Ihesabiwe kwa Midomo

Msimu wa harusi tunahesabu kila kitu: mahari, sanduku, mchele wa pilau. Kodi ya nyumba tunamwachia bwana harusi, tukaja kuijua siku mwenye nyumba anapobisha hodi.

Tutazame Nyasho, pale Musoma. Kijana anauza dagaa, anaoa, anapanga chumba na sebule. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Mwaka haujaisha, mama mkwe kaja kutibiwa, wadogo wawili wa mume wamekuja kusoma, na bibi harusi wetu ni mjamzito. Pato ni lile lile. Akienda kuomba msaada anaulizwa: "Si una kazi wewe?"

Swali hilo ndilo tunalolipinga. Ndugu zetu waliohamia Marekani wanaujua utaratibu wa huko: kipimo ni familia ya watu wanne. Anayeishi peke yake, kikomo chake cha pato ni asilimia 70 ya kile cha wanne. Wawili, asilimia 80. Wanane, asilimia 132. Aliyekubaliwa kwa kawaida hulipa kama asilimia 30 ya pato lake na nyingine hulipa serikali. (Foleni yake ni ya miaka, tusidanganyane.)

Kwetu ruzuku ya kodi namna hiyo haipo. TASAF husaidia kaya maskini sana, na huongeza fedha kwa ajili ya watoto, lakini muuza dagaa mwenye meza yake sokoni si mlengwa.

Inabaki zaka. Na hapa dini imetangulia zamani: wale wenye jahazi katika Suratul Kahf waliitwa maskini, ilhali chombo wanacho na kazi wanafanya. Kwa fiqhi ya Kishafi, maskini ni yule ambaye pato lake halimtoshi yeye na anaowalisha. Basi kamati za misikiti ziulize kwanza nyumbani mnakula wangapi, ndipo ziulize kazi.

Nawe bibi harusi, makazi ni haki yako juu ya mume, kwa kadiri ya uwezo wake. Kuuliza si ujeuri, wala hatusemi mama mkwe afukuzwe. Kabla ya akdi, walii wako aulize mambo matatu: kodi ni kiasi gani, imelipwa mpaka mwezi gani, na tutalala wangapi humo.